Kwa Stelingi

Ukitaka kujua kama Waswahili wa Washington wanapendana, ngoja mmoja wao apotee. Jumamosi ile ya Januari, baridi ikiwa imekaza mpaka masikio yanauma kama yamepigwa, ukumbi wa ushirika kule Lanham ulifurika kuliko Krismasi. Walikuja wasiokuja ibadani. Walikuja walionuniana tangu harusi ya mwaka juzi, wakajikuta wanapokezana chupa ya chai. Na kila aliyeingia aliingia na habari: mzee kaonekana kituo cha treni, hapana, mzee kachukuliwa na gari jeusi, hapana, mzee ana mke wa siri Baltimore.

Mzee mwenyewe alikuwa Elkanah, Msambaa aliyezeekea Tanga mjini, baba wa Flaviana. Binti yake alimleta majira ya joto yaliyopita wakaishi wote Langley Park. Jana, Ijumaa, Flaviana akiwa kazini, mzee alitoka nyumbani kwa miguu yake na hakurudi. Alikuwa na kisukari. Sindano zake zilibaki ndani ya friji.

Bupe alisimama kwenye meza ya mlangoni akigawa magari. Kabla ya kuja Marekani alikuwa sajini wa upelelezi Mbeya. Sasa alikuwa na leseni ya upelelezi na kaofisi juu ya dobi la mashine pale Langley Park, na kazi zake nyingi zilikuwa za waume wanaodai wako shifti ya usiku kumbe hawako. Ndiyo maana wanaume kadhaa ukumbini walimsalimia kwa adabu iliyopitiliza.

Ushahidi aliokuwa nao ulikuwa mmoja tu. Kabla ya kutoka, mzee alirekodi meseji kwenye mashine ya simu ya nyumbani, ile inayohifadhi sauti. Aliyeisikia ni Nyaguthii, nesi wa Nyeri anayepanga chumba kwa Flaviana. Nyaguthii alimpigia Flaviana kazini, kisha akawapigia polisi: mzee amesema anaenda Sterling. Sterling ni mji wa Virginia, ng'ambo ya mto, na ndiko Flaviana anakofanya kazi, kwenye makao ya wazee. Hakuna aliyehitaji maelezo zaidi. Mzee kachoka kukaa peke yake, kamfuata binti yake, kapotea njiani.

Bupe alikuwa anamweleza dereva wa mwisho barabara ya kufuata aliposikia kitu kinagonga juu ya kichwa chake. Ngo, ngo, ngo. Kimya. Halafu tena, ngo, ngo. Akainua uso.

"Mabomba ya hita hayo, dada," alisema Ezekiel, katibu wa ushirika, mkono umeziba maiki. "Jengo kuukuu. Lilikuwa sinema hili kabla Bwana hajalikomboa. Tangu jana yanagonga."

Kweli lilikuwa sinema, na dalili zilikuwepo: viti vya mahameli vilivyochakaa, sakafu inayoteremka kuelekea madhabahu. Walipohamia, kuta zilikuwa na nyuso za wachezaji filamu wa zamani wa Marekani, zimechorwa kubwa kubwa, na akina mama walilalamika kwamba kuna mmoja mabega yako nje na anawatazama waume zao. Wakapakwa chokaa wote. Ezekiel aliachia maiki, kinanda kikaanza, akaongeza sauti. Kugonga hakukusikika tena.

*

Sterling haina watu wa kuuliza. Ina maegesho ya magari, na nyuma ya maegesho kuna maegesho mengine. Bupe alimkuta Flaviana mbele ya duka la kituo cha mafuta, bado yuko kwenye sare yake ya kazi ya jana, koti la kuazima juu yake. Msaidizi wa duka alikuwa amemwona mzee wa Kiafrika asubuhi. Flaviana alikuwa ameng'ang'ania habari hiyo kwa mikono miwili.

Bupe alimuuliza msaidizi yule kofia ilikuwa ya aina gani. Ya sufu. Alikuwa anatembeaje? Haraka haraka, alisema, kama mtu aliyechelewa. Bupe akamgeukia Flaviana, na Flaviana akatazama chini, kwa sababu baba yake ana kidonda mguuni na hajatembea haraka tangu aingie nchi hii. Baadaye walimpata mzee wa kofia ya sufu. Alikuwa Mueritrea, dereva wa teksi, na aliwapa pole sana.

Afisa wa polisi aliyeongoza msako hakuwa mtu mbaya. Alimwonyesha Bupe ramani: msitu nyuma ya maduka umepitiwa, kijito kimepitiwa, mbwa wamezungushwa. Madereva wa mabasi yote yanayoingia mjini wameulizwa. Hakuna aliyempakia.

Hilo la mwisho Bupe alilizungusha kichwani. Kutoka Langley Park kufika pale unahitaji basi, treni, na basi tena, na Kiingereza cha kuulizia. Mzee mchechemeaji, asiye na koti la maana, akapita mbele ya madereva wote hao asikumbukwe na hata mmoja?

"Flaviana. Baba alikuwa analijua jina la mji unaofanyia kazi?"

Flaviana alifikiri. "Mimi namwambiaga naenda kazini tu. Hili jina... sikumbuki kama nimewahi kulitaja kwake."

"Sauti yake kwenye mashine ilikuwaje? Ametulia, ana wasiwasi?"

"Sijaisikia, da Bupe. Sijarudi nyumbani tangu jana. Nilipigiwa simu hapa hapa."

"Na polisi?"

"Waliandika alivyowaambia Nyaguthii."

Basi watu wote wale, magari yote yale, mbwa na ramani, walikuwa wamesimama juu ya sikio moja. Bupe alitoa funguo za gari. Flaviana alimshika mkono wa koti akauliza, kwa sauti ya mtoto, akiondoka yeye nani atabaki. Bupe alimwambia wapo wengi. Hakumwambia kwamba wengi hao walikuwa wanatafuta mahali ambapo pengine hapana mtu. Angemwambia atafute wapi?

"Usizime simu," alisema.

*

Nyaguthii alikuwa ametoka shifti, miguu ndani ya beseni la maji moto. Alisema bila kuulizwa kwamba hajalala, na kwamba yule mzee alikuwa anamwita "mama Kenya" na kumsifia chapati, hata zile zilizoungua. Kisha akabonyeza mashine.

Sauti ya mzee ilitoka taratibu, ya mtu asiyeamini sana anachozungumza nacho. "Flaviana, mwanangu. Mimi natoka kidogo. Naenda kwa stelingi. Usinisubiri kula. Nitarudi."

"Rudisha," alisema Bupe.

Nyaguthii akarudisha.

"Rudisha tena. Anasema *kwa*."

"Ndio. Kwa Sterling. Si ndio nimesema?"

Bupe alivuta kiti. Nyaguthii alikuwa maarufu kwa *kwa* yake. Maji aliyaweka kwa glasi, mkoba aliuacha kwa kiti, yeye mwenyewe alikaa kwa sofa, na Watanzania wa ushirika walikuwa wamemtania mpaka wakachoka.

"Wewe ukienda Sterling ungesemaje?"

"Naenda kwa Sterling. Ama naenda Sterling. Si ni kitu moja?"

"Kwenu. Huyu ni mtu wa Tanga. Mtu wa Tanga anaenda Lanham, anaenda Springfield. *Kwa* haendei mji hata umpige. *Kwa* ni ya mtu. Naenda kwa Ezekiel. Naenda kwa dada."

"Sasa Sterling ni mtu?"

Bupe alikuwa amekwisha kufungua mdomo kusema hapana. Ndipo akakumbuka Mbeya, uwanja wa shule, shuka jeupe limefungwa kati ya miti ya goli, kauboi wa Marekani anapanda farasi, na watoto mia wanapiga kelele neno moja. Kila filamu ilikuwa na watu wa aina mbili, adui na stelingi. Wewe hukujua jina la mchezaji wala la filamu. Ulijua stelingi ni nani, na ulijua atashinda. Neno hilo alilijua kabla ya kujua kusoma. Miaka ya kupita kwenye vibao vya barabara vya Virginia ilikuwa imelifuta, ikaandika mji juu yake.

Akamweleza Nyaguthii.

"Sisi tulikuwa tunamwita *stering*," Nyaguthii alisema polepole. Alitoa miguu majini bila kuifuta. "Aki, Bupe. Ni mimi nimewatuma wote huko?"

Bupe alimsogezea taulo. Aliuliza mzee alikuwa anashinda wapi mchana. Kwa Fahmi, alisema Nyaguthii. Kila siku kwa Fahmi.

*

Duka la Fahmi liko mtaa wa pili. Mbele nyama ya halali, nyuma kanda za video za kukodisha, katikati Fahmi mwenyewe, mtoto wa Tanga, mdomo hauna breki. Juu ya friji ya nyama palikuwa na televisheni iliyowekwa chaneli ya filamu za zamani, zile za rangi mbili, nyeusi na nyeupe, saa zote. Mzee Elkanah alikuwa na kiti chake pale, juu ya magunia ya mchele. Gunia la juu bado lilikuwa limebonyea.

Kwa kawaida Bupe humwachia Fahmi aongee mpaka aishiwe, maana habari hukaa mkiani. Leo alimwomba aanzie mkiani. Fahmi hakuweza. Ilibidi kwanza aeleze kwamba mzee alikuwa opereta wa sinema, yule wa mashine, Tanga, enzi za suruali za bugaluu na kofia za pama. Filamu za Marekani zilifika Tanga zimezeeka, zimekwaruzika, mabusu yamekatwa na serikali, na watu walizipenda hivyo hivyo. Mafundi cherehani walilipiwa tiketi na wateja wao waende wakaangalie kola ya stelingi, waishone kesho yake. Vijana wasio na viatu walijifunza kutembea kama wametoka juu ya farasi. Opereta alikuwa mtu mkubwa, anaamkiwa njiani, lakini filamu zote aliziona kwa kitundu cha ukutani, mashine inanguruma, hasikii neno.

"Akiniambia, Fahmi, Marekani nzima nimeiona kwa kitundu. Watu wote wamenipa mgongo, na mimi ndiye ninayewapa mwanga."

"Stelingi," alisema Bupe. "Alikwambia nini kuhusu stelingi?"

Fahmi alicheka kidogo, halafu akaona uso wa Bupe akaacha. "Juzijuzi alikuja amefurahi kama bwana harusi. Kasema kamwona. Nikamwambia mzee, yule alishakufa zamani hata huku. Akasema stelingi hafi. Kasema, wenzake wote wamepakwa chokaa, yeye wamemsahau, yuko juu ya ngazi peke yake. Nikajua ni uzee tu, dadangu."

"Alimwona wapi?"

"Kwa hao walokole wenu. Alisema akipata siku wasiyokuwapo atapanda akamwone vizuri. Na chumba cha mashine kipo, alisema, kile kile."

Bupe alikuwa anavaa glavu. Aliuliza, bila ukali, kwa nini hakumwambia mtu.

"Nimwambie nani? Nimesikia kaenda Virginia." Fahmi alionyesha rafu tupu ya mikate. "Mikate yote nimewapelekea wanaomtafuta huko."

*

Aliita gari la wagonjwa kwa simu akiwa barabarani. Kutoka Langley Park kwenda Lanham ni basi moja tu, lisilohitaji Kiingereza cha kuulizia. Kisha akapiga simu ya ukumbi. Iliita mpaka ikakata. Akapiga tena. Alijua inaitia wapi: kwenye ofisi ya Ezekiel, mlango umefungwa, na upande wa pili wa mlango watu mia mbili wanaimba. Akampigia Nyaguthii amwambie Flaviana aje Lanham, asimwambie zaidi ya hapo.

Alifika kabla ya gari la wagonjwa. Sebule ya jengo ilikuwa tupu, isipokuwa makoti. Nyuma ya pazia, pembeni pa vyoo, viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa juu kwa juu, na kati ya viti na ukuta kulikuwa na nafasi ya mtu mwembamba kupita. Vumbi la sakafu lilikuwa na alama za viatu. Mguu mmoja umekanyaga, mwingine umeburutwa. Zilikuwa zinakwenda. Hazikurudi.

Alipanda na tochi. Juu ya ngazi, ukutani, palikuwa na mwanamume aliyechorwa kuanzia kifuani, kofia imelala upande, rangi imebanduka shavuni. Hakuwa anatazama mtu. Alikuwa anatazama mbali, kama wanavyotazama wote. Kando yake ulikuwa mlango wa chuma.

Filamu za kale zilishika moto kama petroli, ndiyo maana chumba cha mashine kilijengwa kwa zege na mlango wake ukatiwa uzito, ukiuachia unajifunga wenyewe. Opereta yeyote wa dunia hii anajua kuweka kigingi. Mzee alikuwa ameweka: karatasi ya nyimbo za ushirika, imekunjwa nene. Ilikuwa imeteleza, iko pale chini, imebanwa nusu. Bupe alivuta mlango, akauwekea kiti cha plastiki, akamulika upande wa ndani. Kitasa hakikuwepo, limebaki tundu. Alijua kilipo. Kilikuwa cha shaba, kizuri, na Ezekiel alikuwa amewaonyesha wageni kwa fahari alipokifunga kwenye mlango wa ofisi yake.

Ndani hapakuwa na hita wala bomba.

Mzee Elkanah alikuwa amekaa juu ya kopo la mikanda, paji la uso limeegemea kioo cha kitundu. Kiatu kimoja kilikuwa mguuni. Kingine kilikuwa mkononi, kimeshikwa kwa ncha, na kisigino chake kilikuwa kimechakaa mpaka misumari imetokeza. Ukutani, chini ya kitundu, chokaa ya zamani ilikuwa imebomoka duara. Bupe alivua glavu akamgusa shingoni. Akangoja. Akabadilisha vidole, akagusa upande wa pili. Akangoja tena, muda mrefu kuliko alivyofundishwa. Halafu akajaribu kumnyoosha mkono, na mkono haukunyooka.

Asubuhi alikuwa anagonga. Asubuhi Bupe alikuwa chini yake, anaelekeza dereva njia ya Virginia.

Aliinama akatazama kwa kitundu, alikotazama mzee. Ukumbi mzima ulikuwa pale, umejaa, visogo vitupu. Walikuwa wamesimama wamekumbatiana mabega, wanamwombea mzee, mabega ya wengine yanatikisika kwa kilio. Mtu mmoja tu alikuwa ameelekea huku, Ezekiel, kwenye madhabahu, na alikuwa amefumba macho.

Tochi ilikuwa mkononi mwa Bupe, na hakufikiria. Mwanga ulipita kwenye kioo, ukakata vumbi juu ya vichwa vyao, ukaenda kutua ukuta wa mbele, duara jeupe, mahali penyewe palipokuwa na pazia la filamu. Ezekiel alifumbua macho. Alitazama duara, akafuata mwanga mpaka unakotoka, akaona uso wa Bupe. Midomo yake ilisema kitu kwenye maiki. Ukumbi wote ukageuka.

Bupe aliinua mkono kuwazuia. Wakainua mikono yao.

Wimbo ulipasuka, wa shukrani, kinanda na ngoma, viti vikapinduliwa, walionuniana wakashikana shingo. Bupe aligonga kioo kwa kiganja. Aligonga kwa ngumi. Mwanamke mmoja wa safu ya nyuma alimtazama moja kwa moja, akatoa kitambaa chake cha kichwa, akampungia.

Simu ikaita mfukoni, akaipokea.

"Da Bupe." Sauti ya Flaviana ilikuwa inakatika, honi za magari nyuma yake. "Niko darajani, magari hayasogei. Nasikia wanaimba huko. Nasikia vigelegele. Amepatikana?"

Bupe aligonga tena.

"Da Bupe? Amepatikana?"

Chini waliendelea kumpungia.